Babangu ana miaka 74 hatoki nje, nataka nimpeleke kuangalia ndege, nianzie wapi hapa Nairobi?

BintiKisauni:
Salaam jamani. Babangu nimemleta kukaa na mimi Nairobi tangu mamangu afariki mwaka jana. Huko kwetu Mombasa alikuwa na baraza na wenzake, hapa hana mtu, anashinda sebuleni na redio. Lakini nimegundua kitu, kila alfajiri wale ndege kwarara wakipita wakipiga makelele anatoka kwenye veranda anawahesabu, juzi kaniambia leo wamepita saba jana walikuwa tisa, nikasema kumbe mzee bado macho yake yako nje! Sasa nataka nimpeleke mahali pa kutazama ndege na watu wa rika lake kama wapo. Magoti yanamsumbua na anatembelea mkongojo. Hajawahi kushika darubini maishani. Mwenye kujua anisaidie tafadhali.

Wa_Ngara:
Dada pole sana kwa msiba. Kuna matembezi ya kutazama ndege ya shirika la Nature Kenya kila Jumatano asubuhi, mnakutana pale makumbusho Museum Hill saa tatu kasorobo, yako miaka mingi mno, mama Fleur Ng'weno ameyaongoza kwa miongo kadhaa. Mimi nilianza kwenda nilipostaafu. Si lazima uwe mwanachama, asiye mwanachama analipa kitu kidogo tu. Wastaafu huwa hatukosi kwa sababu Jumatano asubuhi nani mwingine ana nafasi? Na mwendo wenyewe ni wa pole, mtu anaona kitu juu ya mti wote mnasimama dakika kumi, magoti yanapumzika. Ila mara nyingi watu wanagawana magari wanaenda mahali pengine, kwa hiyo muulize kiongozi mapema kama leo ni tambarare au kuna kupanda, na uulize choo kiko wapi, mzee hatakuuliza mwenyewe ataona aibu.

Siku nyingine mpeleke msitu wa Karura nyinyi wawili tu. Fuateni njia pana, ile ya kuteremka kwenye maporomoko achaneni nayo. Umri wake anakumbuka vizuri purukushani za 1999, Wangari Maathai alivyopigwa akienda kupanda mti pale, mwache akusimulie hata kama ndege wanawapita.

MamaZuhura:
Naongezea kuhusu darubini kwa sababu mimi nilikosea. Nilimnunulia mamangu 10x50 (yaani inavuta mara kumi, kioo cha mbele milimita 50) nikidhani kubwa ndiyo bora, ilikuwa nzito shingoni na mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anarukaruka mle ndani haonekani. 8x42 inatosha kabisa. Na kama babako anavaa miwani, zile pete za mpira za kuwekea macho zishushe mpaka chini asivue miwani, la sivyo ataona duara dogo na giza pembeni atakata tamaa siku ya kwanza.

Lingine ni masikio. Siku moja tuko chini ya mti wenye maua, ndege chozi yuko pale karibu kabisa, mdomo unafunguka unafungwa, mama akaniuliza huyu ndege ana kiu? Kumbe alikuwa anaimba na mama hasikii! Uzeeni sauti nyembamba ndizo zinaondoka kwanza. Tangu hapo mimi namwambia sauti inatoka wapi, yeye anatafuta kwa macho, na ananishinda.

Mida_Yetu:
Mimi niko Watamu. Mkirudi pwani mleteni Mida, ule mkono wa bahari hapa kwetu, ila si kwenye lile daraja la mbao la mikokoni, linanesanesa, mwenye mkongojo hapana. Kaeni ukingoni na kiti, mje maji yakianza kujaa, ndege wanasogezwa na maji mpaka karibu yenu. Kuna wale weupe na weusi wanaokula kaa, wanazalia kwenye mashimo ya mchanga huko Uarabuni na Ghuba halafu wanakuja kukaa kwetu. Mzee wa Mombasa hao atawapenda, ni kama wageni wa jahazi.

Na dada naomba usimfanye mwanafunzi. Mwulize yeye majina. Keremkerem, mdiria, hondohondo, shorewanda, wazee wetu wanayo na vijana tunasema tu "ndege". Wewe andika kwenye daftari.

BintiKisauni:
Allah awalipe kheri nyote. Nimeomba ruhusa kazini Jumatano ijayo. Nimemwambia baba jana usiku, hakujibu kitu nikadhani hataki. Asubuhi hii nimemkuta veranda, kofia yake ya viua kichwani, akaniuliza hao watu wa Jumatano wanawajua kwarara au wanajua wa vitabuni tu. Leo kahesabu kwarara kumi na moja.