Msanii kaposti shida yetu ya maji, halafu?

Mama Dumu, Newala
Wadau, nisaidieni kufikiri. Mwaka jana msanii mmoja mkubwa, jina naliweka kapuni, alikuja kwetu na kamera tatu. Newala mnaijua: tuko juu kwenye uwanda wa Makonde, maji yanapandishwa kwa pampu toka bondeni, pampu ikigoma tunanunua kwa dumu. Akarekodi watoto wamebeba madumu, wa kwangu akiwemo, kaptura imechanika nyuma. Video ikatazamwa mpaka ughaibuni. Aliahidi tenki la shule. Kilichokuja ni msingi wa zege, mbuzi wanaota jua juu yake. Mwanangu shuleni sasa wanamwita Dumu (ndiyo maana nami nimejiita hivi humu, bora tulibebe wote). Juzi kapiga simu mtu wake, wanarudi kurekodi sehemu ya pili. Nimruhusu tena mtoto?

Mchoma Pweza, Mikindani
Usithubutu, mama. Machi 2012 nilimaliza hela yangu intaneti kafe kutazama Kony 2012, video ya kampeni ya kutaka Joseph Kony, mkuu wa waasi wa Uganda aliyeteka watoto, akamatwe. Dakika 30, na kila mara inaganda. Ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100, mastaa wa Marekani wakaishea, nami nikaituma kwa kila ninayemjua kama vile nimemkamata Kony kwa mkono wangu. Hajakamatwa mpaka leo. Ilipoonyeshwa Lira, Uganda, kwa walioumizwa wenyewe, watu walikasirika wakarusha mawe.

Nesi wa Lindi
Kaka, usichome kila kitu kama pweza wako. 2014 mastaa walijimwagia ndoo za maji ya barafu kwa ajili ya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Nilicheka sana. Kumbe chama cha ALS Marekani kilipata dola milioni 115, na 2016 watafiti waliofadhiliwa na hela hizo wakatangaza jeni ya NEK1 kuwa inahusika. Hela ile haikupitia mfukoni mwa staa yeyote, watu waliichangia chama moja kwa moja. Mama, ya kwenu iliingia akaunti ya nani?

Mama Dumu, Newala
Ndoo nzima kichwani! Hapa ungeitwa kwa mtendaji ukajieleze. Lakini hilo la akaunti sijawahi kuuliza, dada. Niliona haya, mtu kaja na gari zuri vile.

Fuso la Kilwa
Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika tukalala njiani na mizigo inaoza. Hatukungoja staa. Tulijirekodi wenyewe madereva, klipu zikazunguka kwenye magrupu, wenzetu waliokuwa nyuma wakageuza mapema. Simu unayo, mama. Rekodi huo msingi.

Mama Dumu, Newala
Nimemjibu mtu wake: tenki kwanza, kamera baadaye, na hela iende kwa kamati ya shule. Kasoma, kanyamaza. Jioni tumepiga picha msingi, mbuzi watatu juu. Mwanangu ndiye alishika simu, anasema safari hii yeye haonekani. Bando likiingia naziweka hapa.