GRISI USONI MWA PEDI! Na bado mnamwita fundi wa breki

Chuma_Kavu:
Leo simezi. Yule fundi wa chini ya mwembe mnamjua nyote, msiniulize "nani huyo". Gari ya familia, breki za nyuma zinalia mlio wa kuwaamsha waliozikwa Mwanakwerekwe. Kafungua tairi, katia kidole kwenye kopo la grisi nyeusi, kaipaka pedi, kile kibao cha breki. USONI! Upande unaokamata diski, ile sahani inayozunguka na tairi! Ati "sasa haitolia". Haitolia wala haitokamata, itakwenda moja kwa moja mpaka baharini Forodhani!

Grisi ina mahala pake. Mgongoni mwa pedi pale inapogusa pistoni inayoisukuma, chembe. Kwenye masikio ya pedi yanapopita ndani ya klipu, vile vibati vinavyoishika, chembe. Kwenye pini za kalipa, ile koleo inayobana pedi, nayo iwe grisi ya silikoni ya breki, si hii ya beringi. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira ya pini, pini zinaganda, pedi ya ndani inaliwa mpaka chuma na ya nje bado nene. Basi, hapo tu. Usoni hapapakwi kitu.

Na wala hakuuliza inalia vipi! Mlio mwembamba kama filimbi ukigusa breki kidogo: ama pedi imebaki kama milimita 3 na kile kibati cha kuonya kinagusa diski, ama uso umeungua ukawa kama kioo, ama vibati vya mgongoni vilitupwa na fundi aliyetangulia. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma: pedi imekwisha, kila ukikanyaga unaila diski. Inakwaruza hata hujakanyaga: kokoto imenasa baina ya diski na bati la vumbi, au bati limeliwa na kutu likapinda, unalivuta kwa mkono tu. Inalia asubuhi baada ya mvua, mara mbili tatu kisha kimya: kutu ya usiku mmoja, iacheni.

Yeye dawa yake moja. Kidole, kopo, usoni. USONI jamani!

Mtoto_wa_Ngambo:
Hahahaa! Kidole kinatoka koponi mpaka kinafika kwenye pedi, wewe umesimama tu? Ungemshika mkono!

Chuma_Kavu:
Kilikuwa kishafika! Usoni!

Bi_Spana:
Yakhe, punguzeni kelele, hapa kuna gari haina breki. Isiendeshwe. Pedi iliyokunywa grisi haisafishiki, hata ukiipiga msasa, mafuta yameingia ndani. Tupa zote 4 za nyuma, si za upande mmoja. Diski ioshe kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa safi, si kwa petroli.

Kabla ya jeki weka mawe magurudumu ya mbele, gia iwe P, kisha teremsha hendibreki, maana bila hivyo diski ya nyuma haitoki. Toyota RAV4 nyingi na wenzake zina shuu ndogo za hendibreki ndani ya diski. Ikigoma msiipige nyundo. Diski ina matundu mawili yenye nyuzi ndani, tia bolti mbili za milimita 8, kaza kidogo huku kidogo huku, itajisukuma yenyewe. Kalipa ifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa oili.

Hapa kwetu ndipo penye kazi hasa: toa klipu za pedi, chini yake kuna kutu ya chumvi. Hiyo kutu hunyanyua klipu, pedi inabanwa, hairudi, inalia na kupata moto. Brashi ya waya mpaka chuma cheupe, ndipo utie klipu mpya. Watu wanabadilisha pedi mara tatu kwa mwaka na hawagusi hapo, inaniuma. Pini zitoke, zipanguswe, ziende kwa kidole kimoja bila nguvu. Unene wa mwisho wa diski umepigwa muhuri kwenye diski yenyewe, upime.

Pistoni isukumeni polepole, kibuyu cha oili ya breki kikiwa wazi, mchungulie isimwagike, inakula rangi. Zenye hendibreki ya umeme zisisukumwe kabla ya kuwekwa kwenye hali ya matengenezo kwa kompyuta, mtavunja mota. Nati za tairi kwa Toyota hizi kaza 103 Nm kwa spana ya kupimia nguvu. Kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu KABLA gari haijasogea. Kisha zoesha pedi mpya: barabara tupu, toka kilomita 50 kwa saa ushuke mpaka 10 bila kusimama kabisa, mara kumi, ukiiacha ipoe katikati.

Mvumo_wa_Kusi:
Ahsante dada. Yule yule wa mwembe kaniwekea pedi bila klipu kabisa. Ati "za ziada hizo".

Chuma_Kavu:
Mmeona? Na usoni kapaka!

Mtoto_wa_Ngambo:
Tushasikia, usoni. Kanunue pedi.

Karafuu_Chake:
Nyie wa Unguja mnalilia grisi, sisi Pemba oili ya breki tunapimiwa kwenye chupa ya soda! Imekaa wazi dukani, na oili hiyo hunyonya maji ya hewa. Ikipata moto inatoa mvuke, pedeli inazama mpaka chini. Nunueni kopo lililofungwa tu.

Mvumo_wa_Kusi:
Na hiyo ya chupa ni daraja gani ya oili, DOT 3 au 4?

Karafuu_Chake:
Muuzaji mwenyewe hajui. Anasema "ya breki".

Bi_Spana:
3 na 4 zinachanganyika. DOT 5 ya silikoni ndiyo haichanganyiki hata tone.

Mtoto_wa_Ngambo:
Si kweli, 4 inakula mipira ya gari za zamani.

Bi_Spana:
Haili. Mipira inayovimba ni ile iliyotiwa oili ya injini. Soma kifuniko cha kibuyu, kimeandikwa.

Karafuu_Chake:
Kifuniko cha yangu kilipotea, nimefunika kwa mfuko wa plastiki.

Bi_Spana:
TOBA!