Tupeane uzoefu: ulibadilisha lini kuruwa ya distribisyo ya gari lako?

Shamapasa wa Bel-Air
Bandugu wa Lubumbashi, na nyie wa Likasi na Kolwezi, leo tuongee kuruwa ya distribisyo, yaani mkanda wa taimingi. Nimenunua Prado ya moteri 1KZ, dizeli ya Toyota, kwa jirani anayehama. Kilometraji inasoma 148,000 na jirani hakumbuki kama mkanda uliwahi kuguswa. Fundi mmoja wa Katuba ananiambia niuache, unaishi mpaka moteri ife. Mwingine wa Kamalondo anasema nibadilishe kila kilometa 50,000. Kati yao kuna tofauti kubwa mno, na mfuko ni wangu. Leteni visa vyenu: gari gani, moteri gani, kilometa ngapi, na kama ulikatika, ulikula nini?

Chofere wa Njia ya Kasumbalesa
Mukubwa, huyo wa Katuba amesema kweli bila kujua. Mkanda wa 1KZ ukikatika moteri nayo inakufa palepale, basi zimeishi sawasawa.
Kitabu cha Toyota kwa 1KZ ni kilometa 100,000. Mimi nimeendesha miaka mingi Land Cruiser za mgodini, zile 79 za moteri 1HZ, na kule hatukungoja ifike hapo. Kiangazi cha kwetu mnakijua, kuanzia mwezi wa tano vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya sanduku la chakula. Halafu chunguza kifuniko cha mkanda cha gari la okazyo, yaani lililokwisha kutumika: bulonji (bolti) nne zimebaki mbili, raba ya pembeni haipo. Vumbi linapita humo linasaga meno ya mkanda na beringi ya galeti, ile puli ndogo inayokaza mkanda.
Na kazi yenyewe ni nyepesi. Kwenye 1HZ na 1KZ mkanda haushuki mpaka kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Chini kuna gia za chuma, mkanda mfupi unapanda tu kwenda juu kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Fundi anayejua anamaliza asubuhi moja. Anayekuambia atalala na gari siku tatu anataka kulala na pesa zako.

Mama Naomi (Kenya, mtaa wa Lubumbashi)
Mie niko na Ipsum ya zamani ya taksi, moteri 3S ya petroli. Mkanda ulikatika njia ya Kipushi, abiria wamejaa. Chofere akanipigia simu: mama, gari limezima tu, hakuna kelele, hakuna moshi, nikipiga demareri (stata) inazunguka haraka haraka kama haina kazi. Nikamwambia aache kupiga, tulivute.
Nilijua nimekwisha. Kumbe 3S ni moteri ya huruma, mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Fundi aliweka mkanda mpya, galeti na pampu ya maji, akapanga alama za puli zikae sawa, moteri ikawaka jioni ileile. Hasara ilikuwa kamba ya kuvutia na abiria waliodai pesa zao. Haki yao.

Fundi Ruashi
Mama Naomi una bahati, ila watu wasichukue kisa chako wakadhani ni kila gari. Nieleze kidogo.
Mkanda unaunganisha krenki na kemshafti ili valvu zifunguke wakati pistoni iko chini. Ukikatika, kemshafti inasimama, valvu kadhaa zinabaki wazi, na pistoni bado zinapanda. Kwenye 3S, na kwenye 4A ya Corolla na Carina za zamani, kuna nafasi ya kupishana. Kwenye dizeli nafasi hiyo karibu haipo, kwa sababu dizeli inakandamiza hewa sana na pistoni inafika karibu kabisa na kulasi, yaani kichwa cha moteri zinapokaa valvu. Hiace za 3L na 5L, Prado za 1KZ na 1KD, 1HZ: zote zikikatika unafungua kulasi. Valvu nimezitoa zimepinda kama misumari iliyong'olewa mbaoni.
Wenye Pajero na L200 za dizeli ya 4D56, na Hyundai zinazotumia moteri ya ukoo huo: nyie mna mikanda MIWILI. Ule mdogo unazungusha shafti za kutuliza mtetemo, na watu wanaudharau. Ukikatika vipande vyake vinaingia kwenye ule mkubwa na kuurusha. Badilisha yote kwa pamoja, usinibishie.

Kijana wa Kampemba
Nina swali kwa Fundi. Prado yangu ya dizeli ina taa imeandikwa T-BELT kwenye dashibodi. Haijawahi kuwaka. Si inatosha niisubiri?

Fundi Ruashi
Hapana. Taa hiyo haiuoni mkanda, inahesabu kilometa tu. Ikifika 100,000, au 150,000 kwa moteri nyingine kama 1KD, inawaka hata kama mkanda uliwekwa jana. Na kuizima ni kazi ya dakika chache: kwenye nyingi za zamani kuna kiskurubu kidogo nyuma ya kizibo cha raba pale kwenye saa ya kilometa, unakihamisha toka tundu moja kwenda jirani yake. Muuzaji wa okazyo anakijua kiskurubu hicho kuliko anavyolijua jina la mkwe wake.

Ya Fifi (mtaa wa Golf)
Hapo kwenye okazyo nina la kusaidia. Gari letu lilitoka Japani likashuka Dar, likapita Zambia. Mume wangu alipofungua kofia ya moteri (boneti) akaona stika juu ya kifuniko cha mkanda, maandishi ya Kijapani na tarakimu: 20, kisha mwezi, kisha 98,000 na kitu. Tukadhani ni mwaka 2020, tukafurahi. Rafiki aliyesoma kule akatucheka. Ile 20 ilikuwa ya enzi ya Heisei, hesabu ya miaka ya Kijapani, unajumlisha 1988, yaani mwaka 2008. Kama ni enzi mpya ya Reiwa unajumlisha 2018. Mkanda ulikuwa mzee kuliko kitinda mimba wetu. Tuliutoa, na kwa macho ulionekana mzima, lakini fundi alipoukunja kidogo ukaonyesha nyufa ndogo ndogo kati ya kila jino. Raba inazeeka hata gari likiwa limelala.

Shamapasa wa Bel-Air
Ya Fifi, nimetoka kuangalia sasa hivi. Kwangu hakuna stika, ila chini ya kifuniko kuna mafuta meusi.

Chofere wa Njia ya Kasumbalesa
Basi mjadala wa kilometa umekwisha. Sili ya kemshafti, ile raba ya kuzuia mafuta, inavuja, na mafuta yanalainisha raba mpaka meno yanang'oka. Badilisha sili na mkanda kwa pamoja, na galeti. Sokoni usichukue mkanda uliotundikwa msumarini juani au uliokunjwa ukafungwa na raba, hata ukiwa na boksi zuri. Nyuzi za ndani zinavunjika ukiukunja. Fundi akishapanga alama, azungushe moteri kwa mkono na ufunguo mizunguko miwili, alama zirudi palepale, ndipo awashe. Kaa pale uone.

Kijana wa Kampemba
Aksanti wakubwa. Na Vitz ya dada yangu? Kuna fundi ameshamlipisha kuruwa ya distribisyo wiki iliyopita.

Fundi Ruashi
Vitz? Vitz ni cheni, ndugu yangu, zote. Haina mkanda huo hata uitafute kwa tochi. Mwambie dada yako akaombe aonyeshwe ule wa zamani uliotolewa. Akiletewa mkanda wenye mistari inayokimbia kwa urefu, huo ni wa alternata, ile ya kuchaji betri. Wa distribisyo una meno yaliyokatisha kwa upana. Aende na mtu mwenye sauti.