Tabora: reli iliukuta mji au iliuzaa?

Mgeni_wa_Unyanyembe: Wakuu, shikamooni. Nimehamia Tabora kikazi. Kila mzee ananiambia mji huu ni reli. Mbona misafara ya pembe za ndovu ilikuwapo hapa kabla ya Mjerumani?

Mzee_Behewa: Marahaba. Ilikuwapo kweli, ila Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilipofika 1912, mpagazi wa misafara alikosa kazi. 1914 ikafika Kigoma, 1928 njia ya Mwanza ikakamilika, baadaye ya Mpanda. Tabora ikawa njia panda. Mimi ni mtoto wa kota za reli. Baba alikuwa fundi wa injini. Shati lake lilinuka dizeli hata likifuliwa kwa maji ya moto. Usiku mama akisikia honi tu: "Hiyo ya Mwanza, bandika chai."

Binti_Isevya: Na asali je, mzee wangu? Madumu yalipangwa stesheni, nyuki wakiyafuata mpaka dirishani. Wa Kigoma walitushushia mawese na dagaa, sisi tunapandisha asali na maembe.

Mzee_Behewa: Usinikumbushe dagaa, mwanangu. Gunia moja lilininyima usingizi mpaka Dodoma, na mwenyewe anakoroma juu yake!