Amplifaya ya zamani inanguruma hata sauti ikiwa sifuri

Wakuu, amplifaya ya stereo ya miaka ya 1970 inanguruma spika zote mbili, na kupunguza sauti hakubadilishi kitu. Kapasita kubwa mbili ni 4700 µF, 50 V. Nianzie wapi?

— Kama mngurumo haufuati kitufe cha sauti, shuku pawasapulai, yaani sehemu inayogeuza umeme wa ukutani (AC) kuwa umeme wa mwelekeo mmoja (DC). Umeme wetu ni 50 Hz; ukipita kwenye dayodi nne mawimbi huwa 100 Hz, na kapasita iliyokauka haiwezi kuyalainisha. Amplifaya ikiwa imewashwa bila muziki, pima volti za AC kwenye kila kapasita. Zikizidi 1 V, badilisha zote mbili: 4700 µF, 63 V, 105°C. Usiruke hadi 22000 µF, mkupuo wa kuwasha utaua dayodi au fyuzi.

— Tafadhali chomoa plagi kwanza, kisha, ili kumaliza chaji iliyobaki, shikiza rezista ya 1 kΩ, 5 W kwenye miguu ya kila kapasita kwa nusu dakika, upime kuwa volti zimeisha. Bisibisi si kifaa cha kazi hiyo. Na chora waya kabla ya kung'oa: kapasita ya upande wa volti hasi, mguu wake wa chanya ndio unaokwenda ardhi (0 V). Wengi hukosea hapo, na kapasita iliyogeuzwa hupasuka.

— Ukiwasha mara ya kwanza, pitisha umeme wa amplifaya kwenye balbu ya nyuzi ya 60 W, si LED, iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Ikibaki kali, kuna shoti. Kabla ya kurudisha spika pima volti za DC kwenye matundu ya spika nyuma ya amplifaya. Ikizidi 100 mV, usiziunganishe, tafuta transista mbovu.