Picha ya kuogofya ikirudi mara ya pili: hutisha au huchosha?

WA KIBOKONI (mwenye mada)

Ijumaa iliyopita tulikaa barazani, hapa Mombasa, baada ya Isha, kahawa inazunguka, kijana mmoja akatoa kauli inayonikera hadi leo. Ati sehemu ya pili ya picha ya sinema ya kuogofya inaweza kuishinda ya kwanza wakati wowote, ni mkono wa mtengenezaji tu. Nikamwambia hapana. Tukabishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akaenda zake. Nauleta mjadala hapa kwa sababu barazani hushinda mwenye sauti kubwa, na mimi sauti sina.

Msimamo wangu ni kwamba haiwezekani, na sizungumzii ufundi. Picha ya mapenzi ukiirudia, moyo hulainika tena. Ya ngumi, ngumi ni ngumi. Lakini ya kuogofya chakula chake ni kutojua kwako. Ukishajua kilicho nyuma ya mlango, mlango unabaki ubao na bawaba.

Chukueni Jaws ya 1975. Papa wa mashine waliyemtengeneza aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikambidi mwongozaji, Steven Spielberg, amfiche. Kuna mahali watu wawili wanatega chambo usiku, kitu kinavuta, kipande cha gati kinang'oka na kukokotwa kuelekea bahari kuu, na mmoja wao yumo majini. Kisha kile kipande cha gati kinageuka. Kinarudi, kinamfuata. Papa mwenyewe humuoni! Ni mbao tu zinaogelea. Nasi huku papa ni kitoweo, jamani. Nimekulia papa wa nazi, ng'onda ananing'inia jikoni, na bado baada ya picha ile nilikaa wiki mbili sitii mguu majini pale ufukweni Pirates.

Ya pili ikaja 1978, papa tunamjua, tunangoja tu atokee. Kufika ya nne, 1987, papa anaifuata familia moja hadi Bahamas kama mtu anayedai deni. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Haya, nipingeni.

DEREVA WA LIKONI

Alien, 1979. Aliens, 1986. Nimemaliza.

WA KIBOKONI

Hujamaliza yakhe, hujaanza. Ya kwanza, ya Ridley Scott, ni dude moja ndani ya chombo kimoja cha angani na watu saba wasiojua limejificha wapi. James Cameron alipopewa ya pili alileta wanajeshi, bunduki na madude kochokocho. Ni picha nzuri, sibishi. Lakini hiyo ni vita. Alijua hawezi kututisha vilevile, akabadilisha biashara. Mtu aliyefunga duka la halua akafungua la vipuri huwezi kusema halua yake imekuwa tamu zaidi.

DEREVA WA LIKONI

Naona leo umeamka na methali za kununua. Basi nikukumbushe kitu kimoja. Wale wanajeshi wana kifaa kinachopiga mlio adui akisogea. Wamejifungia chumbani, milango wameichomelea. Kifaa kinalia. Mita kumi. Nane. Sita. Mmoja anasema haiwezekani, hiyo ni ndani ya chumba hikihiki. Wanatazamana, chumba kitupu. Ndipo mmoja anapanda, anasukuma kipande cha dari, anamulika na tochi.

Niambie hapo ulikuwa unaona vita. Mimi niliiona nikiwa kwenye foleni ya feri, kwenye simu, mchana wa jua kali, watu mia kadhaa wamenizunguka na makapu yao, na nikatazama juu.

WA KIBOKONI

Hapo kwenye dari nakupa. Hapo tu.

MAMA WA KISAUNI

Bwana Kibokoni, nimekusoma vizuri na naona umeshika mkia ukadhani ni ng'ombe. Unasema hofu ni kutojua. Wazee wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nani anayeshtuka pale? Ni yule anayemjua nyoka. Asiyejua anapita zake anaimba.

Nilienda Nyali na binti yangu 2024 kuona A Quiet Place: Day One, ile ya Lupita Nyong'o wetu. Ni ya tatu katika mfululizo ule, na hadithi yake inarudi nyuma hadi siku ya kwanza madude yalipoanguka kutoka angani. Kila mtu aliyeingia ukumbini tayari anajua kanuni: madude hayaoni, yanasikia, ukitoa sauti umekwisha. Wasiojua ni watu wa New York ndani ya picha. Wanapiga honi, wanaita watoto wao kwa majina. Mimi najua, wao hawajui, na siwezi kuwaambia. Binti yangu alinishika mkono kucha zikaingia. Kama ingekuwa ndiyo ya kwanza, tungekuwa tunashangaa tu pamoja na wale wa kwenye kioo.

Halafu kuna paka. Lupita amesema mwenyewe kwamba alikuwa akiogopa paka kabla ya kuifanya picha ile, na humo anambeba paka karibu mwanzo hadi mwisho. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, paka kwetu wana haki zaidi ya wapangaji, na sikuwahi kumuonea paka huruma kama yule. Mwanamke ni mgonjwa wa saratani, anajua siku zake zimehesabiwa, anachotaka ni kula pitsa huko Harlem, mtaa wa New York. Moyo wangu ulikuwa kwa mtu kabla haujawa kwa dude.

Kwa hiyo usituambie ukijua hutishiki. Ukijua na ukapenda, utatishika mara mbili.

WA KIBOKONI

Mama, hii ndiyo hoja ya kwanza humu iliyoninyima usingizi. Nipe muda.

MUUZA DISKI MSTAAFU, MWEMBE TAYARI

Nyote mnazungumza kana kwamba watu huanza na ya kwanza. Mimi niliuza diski zaidi ya miaka kumi, hamsini hamsini, baadaye tukashusha hadi thelathini, diski moja imebanwa picha nane. Aliyekuwa akinunua kwa mpangilio ni nani? Mtu anatoka kazini, anatazama karatasi ya nje, akiona sura inayotisha anachukua. Wengi wa mtaa huu ya pili ndiyo ya kwanza yao.

Mimi mwenyewe Friday the 13th nilianza na ya tatu, ile ya 1982, yule muuaji Jason anapovaa ile barakoa ya mchezo wa magongo kwa mara ya kwanza. Nikampenda, kama mtu anaweza kusema hivyo. Baadaye nikaipata ya 1980. Nikakaa na karanga zangu namngoja Jason. Mtu anauawa, nasema anakuja. Mwingine anauawa. Barakoa siioni. Saa nzima! Kumbe muuaji wa ya kwanza ni mamake, Jason mwenyewe anaibuka ziwani kidogo tu mwisho kabisa. Nilihisi nimeuziwa diski feki na duka ni langu.

Sasa, Bwana Kibokoni, kwangu mimi ipi ni asili na ipi ni mwendelezo?

Na tusisahau pesa. Paranormal Activity ilitengenezwa kwa dola 15,000 hivi, nyumbani kwa mtu, kamera imewekwa chumba cha kulala. Ilipopelekwa kwenye kumbi ikaingiza zaidi ya dola milioni 190. Nani angekaa kimya? Zikafuata nyingine sita. Wenye mali hawakujiuliza kama itafikia ya kwanza, walijiuliza tu kama mtu aliyenunua ile atanunua na hii. Nami niliwauzia, kwa hiyo sina mdomo.

KIJANA WA BARAZANI

Ni mimi aliyesema ile kauli. Mnataja picha zilizotoka kabla sijazaliwa. Annabelle ya 2014 ilikuwa mdoli kakaa kwenye kiti. Annabelle: Creation, 2017, inaipita mbali sana. Ouija ya 2014 hata jina lake watu wameshasahau, lakini Ouija: Origin of Evil ya 2016, ya Mike Flanagan, nililala na taa. Ushahidi huo, mzee wangu.

WA KIBOKONI

Mwanangu, kumpita aliyekaa kitako si mbio. Zile za kwanza zilikuwa dhaifu. Nionyeshe iliyoishinda ya kwanza iliyokuwa kali. Tena angalia: zote mbili ulizotaja zinarudi nyuma, kabla ya hadithi ya kwanza. Hawakuendelea, walikimbilia mahali ambapo hujui tena. Umenisaidia bila kutaka.

MPEMBA WA MAJENGO

Mimi sinema si mpenzi, lakini naona hamumtaji Popobawa.

Kwa asiyejua, ni shetani anayesemwa huja usiku majumbani, na jina lake latokana na bawa la popo. Mwaka 1995 taharuki ilienea Pemba na Unguja, watu wakaacha vyumba wakalala nje makundi kwa makundi, moto umekokwa. Nilikuwa mdogo, nililazwa katikati ya shangazi wawili, mmoja anasoma Ayatul Kursiy, mwingine anakoroma. Miaka ya baadaye uvumi ukarudi. Je, kuna aliyesema "aa, huyu tunamjua, ni mwendelezo tu"? Mikeka ilitoka tena. Shangazi yule aliyekoroma safari hii hakukoroma.

WA KIBOKONI

Somo, Popobawa uliwahi kumuona?

MPEMBA WA MAJENGO

Allah aniepushe.

WA KIBOKONI

Basi. Hata akirudi mara kumi, bado humjui. Hajawahi kumulikwa taa. Picha ya sinema ndiyo yenye tatizo hilo: lazima mwishowe ikuonyeshe kitu, maana umelipa.

Na kibaya kuliko kuonyesha ni kueleza. Halloween ya John Carpenter, 1978: mtu mwenye barakoa nyeupe anaua, na hakuna anayejua kwa nini. Hana kisasi, hana deni, hasemi neno. Ikaja ya pili, 1981, tukaambiwa ati yule msichana anayemwinda ni dada yake. Aaa! Kumbe ni mambo ya kifamilia. Kwetu mambo ya kifamilia huitishwa wazee, wakaagizwa mahamri na mbaazi, yakaisha. Walipoirudia 2018 waliufuta udugu ule wakaufanya uvumi tu. Wenyewe waliona walichokiharibu.

MWALIMU WA TUDOR

Naingia kwa ufupi, nina madaftari ya kusahihisha. George Romero, 1968, Night of the Living Dead, ile ya wafu wanaoamka kula walio hai: rangi nyeusi na nyeupe, bajeti kama dola 114,000, stelingi ni mtu mweusi, Duane Jones, mwaka uleule aliouawa Martin Luther King. Ni kali kweli, hakuna atakayeiita dhaifu. Miaka kumi baadaye, 1978, Romero yuleyule akatoa Dawn of the Dead. Wafu wanarudi kwenye duka kubwa la kifahari na kuzunguka tu, kwa sababu ndiko walikozoea kwenda walipokuwa hai. Nendeni jengo lolote la maduka Nyali Jumapili jioni muone watu wanavyopanda na kushuka ngazi za umeme bila kununua hata maji. Mimi mmoja wao.

Zombi ni walewale, mwendo uleule, tunawajua. Kilichobadilika ni kwamba safari hii nilijiona mimi upande wao.

WA KIBOKONI

Nimekaa siku mbili bila kujibu. Mwalimu na Mama wa Kisauni wamenibana kwenye kona moja.

Jana usiku niliirudia Aliens, peke yangu, watoto wamelala, umeme umekatika dakika ishirini katikati kama kawaida, kwa hiyo nikakaa gizani na lile dari kichwani. Bado nasema haitishi kama ya 1979. Lakini nilijikuta natetemeka mahali pengine, pale Ripley, yule mwanamke wa picha zote mbili, anaporudi chini kumfuata yule mtoto mdogo. Anajua kabisa kilichoko kule, na anateremka. Katika ya kwanza alikuwa anakimbia asichokijua.

Kwa hiyo kauli yangu naipunguza, siifuti. Hofu ya kutojua hairudi, hiyo mtu hupewa mara moja. Walioshinda hawakujaribu kuirudisha. Waliacha dude lijulikane wakatafuta mtu ambaye tutahofia asidhurike. Ila kwa mmoja aliyefanya hivyo, kumi wameongeza damu tu na namba kwenye jina. Kijana, barazani bado nakudai kahawa.

KIJANA WA BARAZANI

Kahawa nalipa, mzee. Lakini umekubali.

WA KIBOKONI

Nimepunguza. Soma tena.

MUUZA DISKI MSTAAFU, MWEMBE TAYARI

Nina boksi zima nyumbani, chini ya kitanda. Hewa ya chumvi imekula maandishi. Kuna mbili za mfululizo mmoja, sijui ipi ya kwanza ipi ya pili, zote zimebaki nusu ya uso wa mtu. Mashine ya kuchezea bado inafanya kazi ukiipiga ubavuni. Nizitafute kwenye intaneti nijue mpangilio?

WA KIBOKONI

Usitafute chochote. Zilete Ijumaa hivyo hivyo, na usiniambie.