Kumtafuta babu aliyekuwa askari wa Uganda Rifles

Assalaam alaikum, dada yangu. Uliuliza namna ya kumfuatilia babu wa babu aliyekuwa askari wa Uganda Rifles, jeshi la Waingereza huko Uganda, kabla ya mwaka 1900. Naomba nikujibu kwa kirefu kidogo, kwani njia hiyo nimeipita mwenyewe nikiwa hapa London, nikimtafuta babu yetu Mnubi, yaani mmoja wa askari wenye asili ya Sudani, ambaye kizazi chake kilikuja kukaa Kibera.

Kabla hujapanda treni kwenda kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, wapigie simu wazee. Sisi tulikuwa na medali moja tu, ambayo bibi aliifunga kwenye kipande cha kanga na kuiweka sandukuni, utepe wake wa njano na nyekundu ukiwa umechakaa hata nyuzi zinaachana. Miaka yote tuliitazama sura ya Malkia Victoria, hakuna aliyeangalia ukingo. Binamu yangu alipoisogeza dirishani na kuikagua kwa kioo cha kukuzia, tukasoma nambari, cheo, jina na kikosi.

Ishike nambari kuliko jina. Makarani waliandika majina ya Kiarabu kwa kadiri walivyoyasikia, hivyo Fadlmulla wa karatasi moja huwa Fademulla katika nyingine, nawe ukishikilia tahajia ya nyumbani utampita bila kumtambua. Orodha za medali zimo katika mfululizo wa WO 100 (majalada ya Wizara ya Vita), na barua za serikali kuhusu Uganda ya miaka ile zimo katika FO 2 (majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje). Kadi ya msomaji hailipiwi. Nenda na kitambulisho, uthibitisho wa anwani na penseli, maana kalamu za wino haziruhusiwi.

Ila jitayarishe kwa utakayoyakuta. Juu ya utepe wa medali yetu kuna kibao kidogo kilichoandikwa UGANDA 1897-98. Mwaka 1897, kwenye eneo la Eldama Ravine, katika Kenya ya leo, sehemu ya askari Wasudani, ambao wengi wao asili yao ni wale ambao afisa Mwingereza Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, waliasi kwa kuchoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo uliocheleweshwa. Waasi hawakutunukiwa medali. Maana yake ni kwamba babu yetu alibaki upande wa serikali wakati watu waliokula naye chungu kimoja wakiwindwa na kupigwa risasi. Nyumbani habari hiyo haikuwahi kusimuliwa. Nilipomweleza shangazi kwa simu alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini mama yake alikataa katakata medali ile itundikwe ukutani.

Kama kwenu imebaki medali, au hata kibali cha zamani cha shamba, nitumie picha iliyo wazi ya kila upande, na ukingo usiusahau. Narudi Kew mwezi ujao, nami nitaitafuta nambari ya babu yako pamoja na ya wetu.